Ujue mzingo wa gurudumu lako kabla ya kupima shamba na barabara



Baiskeli, au kinga kama wengi wetu tunavyoiita, inafanya kazi nyingi kwetu. Inabeba mbegu na mbolea kuelekea shamba, inarudi na maharagi, viazi, muhogo ao bidoni ya mawese. Lakini kuna kazi nyingine inayoweza kufanya, na vikundi vichache tu vinaitumia: baiskeli inaweza kuwa mita ya kupimia. Gurudumu likizunguka mara moja, linatembea urefu uleule kila wakati. Mukijua urefu huo na mukihesabu mizunguko, munajua urefu wa shamba, wa mfereji ao wa barabara.

Tuko na sababu tatu za kufundisha jambo hili.

Ya kwanza ni kodi ya shamba. Wakulima wengi wa Masisi wanalima kwenye udongo wa kukodi, na makuta yanalipwa kufuatana na ukubwa wa kipande. Mwenye kupima vibaya analipa shamba ambalo hakulima.

Ya pili ni mbegu na mbolea. Zote zinahesabiwa kwa hekta. Ukikosea hekta, unanunua mifuko isiyo na kazi, ao unapungukiwa katikati ya kupanda.

Ya tatu ni barabara za mashamba. Kazi ya kufyeka, kuziba mashimo na kuchimba mifereji inagawanywa kwa mita ao kwa kilomita. Kipimo kikiwa kibaya, ugomvi unaanza.

GURUDUMU LINAPIMA NAMNA GANI

Urefu wa kuzunguka gurudumu lote kwa nje unaitwa mzingo. Njia inayokatiza gurudumu kutoka upande mmoja hadi mwingine, kupitia katikati, inaitwa kipenyo. Mzingo ni kipenyo mara 3,14. Hesabu yetu yote inasimama juu ya sentensi moja:

Urefu wa njia = hesabu ya mizunguko × mzingo.

Watu wengine wako na kifaa kidogo cha baiskeli kinachoonyesha mwendo na kilomita. Tueleze namna kinavyofanya kazi, maana wengi wanakiamini bila kukijua. Kwenye spoki moja ya gurudumu la mbele mnafungwa sumaku ndogo. Kwenye uma wa mbele mnafungwa kihisio, ni kusema kidude kinachohisi sumaku ikipita. Kila sumaku inapopita, kihisio kinahesabu "moja". Basi. Kifaa hakioni barabara, hakijui kilima wala bonde. Kinajua mambo mawili tu: mizunguko mingapi, na muda gani kati ya mzunguko na mzunguko.

Kilomita zinatoka wapi basi? Zinatoka kwenye namba ya mzingo ambayo mtu aliingiza ndani ya kifaa, kwa milimita. Kifaa kinazidisha. Mfano: mzingo ni mita 2,07 na mtu anasukuma baiskeli yenye mzigo, mzunguko mmoja kwa sekunde 2. Kifaa kitasema mwendo ni karibu kilomita 3,7 kwa saa. Mwingine anateremka, mzunguko mmoja kwa nusu sekunde: kifaa kitasema karibu kilomita 15 kwa saa. Namba ya mzingo ikiwa si ya kweli, kila kitu kinachoandikwa kwenye kioo si cha kweli pia, hata kama kifaa ni kipya na cha bei kali.

Kwa asiye na kifaa, hakuna shida. Mufunge kitambaa chekundu kwenye spoki moja ya mbele. Mtu mmoja anasukuma, mwingine anahesabu kila kitambaa kinapofika chini, wa tatu anaandika mstari kwenye daftari kila mizunguko 10. Hiyo ni kihisio cha macho, na kwa shamba la kawaida inatosha.

NAMBA ILIYOANDIKWA KWENYE MPIRA HAITOSHI

Kwenye ubavu wa mpira kumeandikwa 26, 28 na namba zingine. 26 na 28 ni kipenyo kwa inchi, na inchi moja ni sentimita 2,54. Gurudumu la 26 linatoa mzingo wa karibu mita 2,07. Lile la 28, la baiskeli ndefu za chuma zinazobeba mizigo, linatoa karibu mita 2,23.

Hizi namba ni za kuanzia tu. Mipira miwili yenye kuandikwa 26 inaweza kupishana, kwa sababu mmoja ni mnene na mwingine ni mwembamba, mmoja ni mpya na mwingine umekwisha meno. Tena, mpira wenye upepo kidogo unabonyea chini, na gurudumu linakuwa kama dogo zaidi. Kwa hiyo sherti mupime gurudumu lenu wenyewe.

NJIA YA KWANZA: MIZUNGUKO 10

Mutafute mahali tambarare, pagumu, bila majani: uwanja wa masomo, mbele ya depo, ao kipande cha barabara. Mutahitaji mita ya fundi ujenzi, chaki ao kijiti, na watu wawili.

1. Mujaze upepo kama siku ya kazi. Mtu atakayesukuma njo asimame hapo.
2. Muzungushe gurudumu la mbele mpaka kidude cha kuingizia upepo kifike chini kabisa. Muweke alama kwenye udongo.
3. Musukume moja kwa moja bila kuyumba. Muhesabu mizunguko 10.
4. Kidude kikifika chini mara ya kumi, muweke alama ya pili.
5. Mupime kutoka alama hadi alama, kisha mugawanye kwa 10.

Mukipata mita 20,70, mzingo ni mita 2,07. Kwa nini mizunguko 10, si mmoja? Kwa sababu mkono unakosea kidogo wakati wa kuweka alama. Mukikosea sentimita 5 kwenye mzunguko mmoja, ni kosa kubwa. Zilezile sentimita 5 zikigawanywa kwa mizunguko 10, inabaki nusu sentimita.

NJIA YA PILI: MSTARI WA MITA 100

Hii ni nzuri zaidi, na kooperative inaweza kuweka mstari mmoja wa kudumu kwa ajili ya vikundi vyote. Mupime mita 100 kwa mita ya chuma, mupande mawe ao vijiti vigumu kwenye ncha mbili. Musitumie kamba ya nailoni, maana inavutika. Wala ya katani, maana ikiloa na mvua inabadilika.

Musukume baiskeli kwenye mstari mara nne, mbili za kwenda na mbili za kurudi. Kila mara muhesabu mizunguko mizima, kisha muhesabu spoki kwa kipande kinachobaki. Mfano wa gurudumu lenye spoki 36:

Kwenda: mizunguko 48 na spoki 11.
Kurudi: mizunguko 48 na spoki 12.
Kwenda: mizunguko 48 na spoki 11.
Kurudi: mizunguko 48 na spoki 10.

Wastani ni mizunguko 48 na spoki 11. Spoki 11 kati ya 36 ni 0,31. Kwa hiyo mita 100 gawanya kwa 48,31, ni mita 2,07. Namba nne zikikaribiana, munafanya kazi nzuri. Moja ikiwa mbali, kwa mfano mizunguko 47, mtu aliruka hesabu: mrudilie.

KWA WALIO NA KIFAA

Musiingize namba ya kubahatisha. Muingize mzingo mulioupata, kwa milimita: mita 2,07 ni 2070. Kisha muhakikishe kwenye kilomita 1 iliyopimwa, si kwenye mita 100. Vifaa vingi vinaonyesha kilomita kwa tarakimu mbili nyuma ya koma, ni kusema vinaruka mita 10 kwa mita 10. Kwenye mita 100, mita 10 ni kitu kikubwa. Kwenye kilomita 1 ni kidogo.

Mukikuta baiskeli ambayo tayari iko na kifaa, na hamujui iliwekwaje, mutumie hesabu hii:

Mzingo wa kweli = namba iliyo ndani ya kifaa × urefu wa kweli ÷ urefu ambao kifaa kinaonyesha.

Mfano: ndani kuna 2240. Munatembea mita 1000 zilizopimwa, kifaa kinaonyesha 1,08, karibu mita 1080. Basi 2240 × 1000 ÷ 1080 ni karibu 2074. Mtu aliweka namba ya gurudumu la 28 kwenye baiskeli ya 26.

Mambo matatu ya kuangalia tena. Sumaku ikikaa mbali na kihisio, mizunguko mingine haihesabiwi: munyanyue gurudumu, mulizungushe polepole mara 10 na kuangalia. Pili, kihisio hakijui mbele na nyuma: mukirudisha baiskeli, kinaendelea kuongeza. Tatu, mukisimama, musiyumbishe gurudumu huku sumaku iko mbele ya kihisio, maana itahesabu mara mbili.

HATA MBIO ZA DUNIA ZINAPIMWA HIVI

Mtu asiseme kwamba hii ni kazi ya watu wasio na vyombo. Njia za marathoni, kilomita 42 na mita 195, zinapimwa kwa baiskeli mpaka leo. Tangu miaka ya 1970 wapimaji wanafunga kihesabio kwenye gurudumu la mbele, kinachojulikana kwa jina la Jones. Wanapima kwanza mstari ulionyooka wa mita 300 ao zaidi kwa mita ya chuma, wanaupanda kwa baiskeli mara nne kabla ya kazi, na mara nne tena baada ya kazi. Kwa nini tena? Kwa sababu jua likiwaka, upepo ndani ya mpira unapanuka na gurudumu linakua kidogo. Kisha wanaongeza mita 1 kwa kila mita 1000, ili njia isiwe fupi hata kidogo.

Wakati Kelvin Kiptum wa Kenya alimaliza marathoni ya Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 kwa saa 2 na sekunde 35, dunia nzima ilikubali kwa sababu njia ilikuwa imepimwa vema. Gurudumu lililopimwa njo lilitoa uhakika kwamba zile zilikuwa kilomita 42 na mita 195 za kweli.

Tuchukue fundisho hapo. Asubuhi juu ya vilima vya Masisi kunakuwa baridi, na saa sita jua ni kali. Mukifanya kazi ya siku nzima, mupime gurudumu asubuhi na mulipime tena mchana. Mukiona tofauti, muchukue katikati.

KOSA DOGO, HASARA KUBWA

Tupime shamba la pembe nne. Upande mrefu ni mizunguko 48, upande mfupi ni mizunguko 34.

Kwa mzingo wa kweli wa mita 2,07: mita 99,4 kwa mita 70,4. Eneo ni karibu mita za mraba 7000, ni kusema ari 70.

Kwa mzingo wa uongo wa mita 2,24: mita 107,5 kwa mita 76,2. Eneo ni karibu mita za mraba 8190, ni kusema ari 82.

Muangalie vema. Kosa la mzingo lilikuwa 8 kwa 100. Kosa la eneo limekuwa 17 kwa 100, kwa sababu linaingia mara mbili, kwenye urefu na kwenye upana. Mkulima analipa kodi ya ari 12 ambazo haziko. Tukihesabu mbegu ya viazi tani 2 kwa hekta, shamba la kweli linahitaji kilo 1400, lakini yeye atanunua kilo 1640. Kilo 240 za mbegu ni makuta mengi, na kama alizinunua kwa deni la kooperative, deni hilo litaanguka juu ya wote.

Sasa barabara. Tuseme kipande cha kilomita 3 kinagawanywa kwa vikundi 6, kila kimoja mita 500. Mpimaji anatumia kifaa chenye kosa lilelile. Kikisoma mita 500, kwa kweli ametembea mita 462 tu. Vikundi 6 vinafanya mita 2772. Zinabaki mita 228 ambazo hazina mwenyewe. Mvua ikinyesha, hapo njo lori litakwama, na viazi vya wote vitaozea njiani, hata vya wale waliofanya kazi yao vizuri.

MATOPE, VILIMA NA PORI

Mutumie gurudumu la mbele. La nyuma linateleza kwenye matope mtu akikanyaga pedali, na tena mzigo unalibonyeza.

Matope yakishikamana na mpira, gurudumu linakuwa nene. Muyatoe, ao mungoje njia ikauke. Kwenye njia za Walikale, ambako mvua ni nyingi, ni afadhali kusukuma pole kuliko kupanda.

Baiskeli ikiyumba kushoto na kuume, inapima maneno mengi kuliko njia. Msukumaji aangalie kijiti kilicho mbele, si gurudumu.

Kwenye mteremko, gurudumu linapima udongo unavyopanda, lakini karatasi za shamba na za kadastre zinapima kama udongo umelala. Kwa kila mita 100 za gurudumu, mukipanda juu mita 20, urefu wa kulala ni mita 98. Mukipanda mita 30, ni mita 95. Mukipanda mita 40, ni karibu mita 92. Kabla ya kuandika mkataba, mukubaliane munatumia kipimo gani.

Wengine watauliza: simu haitoshi? Simu inasaidia mahali pa wazi na kwa mashamba makubwa. Lakini inaweza kukosea mita kadhaa, na chini ya miti mikubwa ya pori ao ndani ya bonde jembamba inakosea zaidi. Kwa kipande cha ari 10, mita kadhaa ni jambo kubwa.

Na chukudu? Hata chukudu inaweza kupima. Magurudumu yake ni ya mbao yaliyovikwa kipande cha mpira. Hayana spoki, lakini muweke alama ya rangi na muhesabu. Mujue tu kwamba mpira wake unaisha mbio na mbao haiko duara kamili, kwa hiyo mupime mizunguko 10 kila mara kabla ya kazi.

KUPIMA PAMOJA NI KUJENGA AMANI

Gurudumu linasema urefu. Halisemi shamba ni la nani. Hayo ni mambo ya wenye udongo, majirani na viongozi, na katika nchi yetu yanaweza kuwasha moto. Kwa hiyo musipime mpaka wa mtu kwa siri. Muite mwenye shamba, mpangaji, majirani wa pande zote na shefu wa kijiji. Mupime gurudumu kwanza mbele yao wote, kwenye mizunguko 10, ili kila mtu aone namba inatoka wapi. Watu wakiona kwa macho yao, hawana haja ya kuambiwa wakubali. Na mahali ambapo usalama hauko, musiende: shamba litangoja.

Katika daftari la kikundi muandike: tarehe, baiskeli gani, mzingo uliopatikana, mizunguko ya kila upande, majina ya waliokuwapo. Tukiandika mizunguko pamoja na mita, mtu mwingine anaweza kurudia hesabu mwaka ujao.

MAZOEZI YA KIKUNDI

1. Baiskeli moja imetembea mita 22,30 kwa mizunguko 10. Mzingo ni ngapi? Shamba la mizunguko 30 kwa 20 ni ari ngapi?

2. Ndani ya kifaa kuna 2070. Kwenye kilomita 1 iliyopimwa kinaonyesha 0,93. Muingize namba gani?

3. Wapimaji wawili wamepima upande mmoja wa njia. Wa kwanza, mwenye mzingo wa mita 2,07, anasema mizunguko 200. Wa pili, mwenye mzingo wa mita 2,226, anasema mizunguko 186. Wanagombana. Nani yuko na haki?

Majibu. 1: mita 2,23, karibu ari 30. 2: 2070 × 1000 ÷ 930, ni karibu 2226. 3: wote wawili. Kila mmoja amepata mita 414. Walikuwa wanagombania mizunguko, kumbe kila gurudumu liko na mzingo wake.

Kabla ya msimu wa kupanda, kila kikundi kipime baiskeli zake zote na kuandika mzingo kwa rangi chini ya kiti. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja tu.